Mlikosea Kuniamini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Shirika la Ndege (mwenyewe unalijua),
Ofisi ya juu, pale ambapo lifti haifanyi kazi.

Ndugu Meneja,

YAH: MPWA WANGU MJAMZITO KUACHWA UWANJANI KWA SABABU DADA WENU WA KAUNTA ALIYAAMINI MANENO YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima, natumaini nawe u mzima pamoja na marubani wote. Kama unaumwa, pona kwanza ndipo usome, maana barua hii inataka mtu mwenye mapafu.

Kabla sijaanza, umjue anayekuandikia. Mimi ni fundi wa viti vya magari. Shule nilisoma mpaka pale nilipoona walimu wameanza kurudia mambo, nikawaaga kwa heshima. Kuna basi nililolishonea viti ambalo liliwahi kuacha njia, likabingirika mtaroni, likasimama tena kwa magurudumu yake. Abiria wote walikutwa wameketi vilevile, mmoja bado amelala, na kondakta akaendelea kudai nauli. Sikuambii haya kwa kujisifu, maana wa kunisifu wapo. Nakuambia ili ujue kwamba anayekulalamikia kuhusu usafiri si mtu wa jana.

Sasa jambo lenyewe. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ana mimba ya kwanza. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na akishaondoka hurudi kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo binti anakaa kwangu. Mama yake yuko mji wa mbali, na barabara ya kwenda huko hata viti vyangu inavitoa jasho. Dada yangu alisema neno moja tu, kwamba anataka mwanawe ajifungulie mikononi mwake. Kazi ya kumpandisha ndege nikakabidhiwa mimi. Ndege yenu huenda huko Jumamosi tu, na kanuni yenu inasema mimba ikishapita ukubwa fulani hamuibebi. Jumamosi iliyopita mlituacha. Imebaki Jumamosi hii, ndiyo leo, na baada ya leo binti atakuwa amepita kipimo chenu. Kwa hiyo soma haraka, lakini usiruke mistari.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mlangoni. Kwa upendo wa mjomba nilimshonea mpwa wangu mkanda wa kiti. Niliukata kutoka mkanda wa lori, nikaupiga nyuzi mara mbili, nikaufunga kifungo cha chuma ambacho hata punda hawezi kukifyatua. Ulimtosha yeye na mtoto, na mtoto akikua. Mlinzi wenu wa mashine ya kukagua mizigo aliuvuta kutoka kwenye mkoba kama anatoa chatu shimoni. Akaniuliza, "Mzee, hii ni nini?" Nikamwambia. Akasema ndege ina mikanda yake. Nikamjibu kwamba mikanda yenu naijua, imeshonwa na watu wenye haraka. Akaniuliza nimepanda ndege ngapi. Nikamwambia sijawahi kupanda, lakini nimewahi kuikaribia sana. Akauweka mkanda ule kwenye sanduku pamoja na viberiti na visu, kisha akanipapasa na kunitoa sindano ya kushonea ngozi ambayo haijawahi kutoka mfukoni mwangu tangu nioe. Hilo nimelisamehe. Nalitaja tu ili ujue kwamba nilifika kaunta nikiwa tayari nimejeruhiwa.

2. Foleni. Mna kibao kizuri kinachosema wazee, walemavu na wajawazito wapite mbele, na mmechora mwanamke mwenye tumbo. Mjomba hamkumchora. Kwa hiyo tulipopita mbele, kijana wenu wa kupanga foleni akamruhusu binti na kuniambia mimi nisimame nyuma ya mstari wa njano. Ndugu Meneja, mjamzito hatembei peke yake. Nyuma ya lile tumbo kuna ukoo mzima, na mimi ndiye niliyekuja kwa niaba ya ukoo. Nikauvuka mstari. Bwana mmoja wa suti, mwenye begi la magurudumu, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Mzee, kwani mjamzito ni yeye au wewe?" Foleni ikacheka. Nikamjibu kwamba tumbo langu ni la maendeleo, halina tarehe. Foleni ikacheka zaidi, na safari hii ikawa upande wangu. Natumaini unaona jinsi ninavyoweza kukaa na watu. Lakini fahamu kwamba kuanzia hapo nilikuwa na hadhira, na mtu mwenye hadhira hasemi kama mtu aliye peke yake. Kama shirika lenu lingeweka pazia, haya yote yasingetokea.

3. Swali. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Dada wenu wa kaunta, mpole, kucha zimepakwa rangi, alimtazama mpwa wangu akamwuliza kwa sauti ya muuguzi, "Mimba ina miezi mingapi, mpenzi?" Wewe, Ndugu Meneja, umelelewa. Unajua kwamba mkubwa akiwepo mdogo haulizwi. Mpwa wangu alifungua mdomo, lakini jibu likatoka kwangu. Nikasema miezi tisa imekwisha, tumeingia ya nyongeza. Nikasema ukoo wetu hatuzai vitoto, tunazaa watu, na kwamba mimi mwenyewe nilizaliwa na meno, mkunga akaniamkia. Nikasema humo ndani ni mapacha, na kwa mwendo wa binti, huenda kuna wa tatu kajibanza. Na kwa kuwa dada yule alikuwa ameacha kubonyeza kompyuta ananisikiliza mimi tu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi, nikamwongezea kwamba asubuhi ile ile, ndani ya teksi, uchungu ulimshika binti, nikaukemea, ukarudi ulikotoka.

Mpwa wangu akasema kwa sauti ndogo, "Ni saba, dada. Sina uchungu wowote. Mjomba ndivyo alivyo." Akatoa kadi ya kliniki, na kadi kweli ilisema saba.

Mtu mwenye busara angefanyaje? Angecheka, angempa binti pasi yake ya kupandia, tungeagana. Dada wenu hakucheka. Alinitazama mimi, akaitazama kadi, akanitazama tena. Kisha akaniamini.

Ndugu Meneja, nimekuwa nikizungumza maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hilo. Nikisema mia, mke wangu husikia ishirini. Mafundi wenzangu husikia tano. Wateja husikia bei tu. Hiyo ndiyo hesabu ya watu wanaojuana: msemaji huongeza, msikilizaji hupunguza, na ukweli hukutwa katikati umekaa unakunywa chai. Hakuna anayeumia. Dada wenu alisikia mia akaandika mia, mbele ya kadi yenye mhuri wa kliniki, mbele ya mjamzito mwenyewe. Nauliza kwa unyenyekevu: mnawafundisha nini watu hawa? Mtu anawekwaje kaunta, mahali pa kusema na umma, bila kufundishwa kupunguza?

4. Msimamizi. Akaitwa msimamizi, kijana wa tai, mwenye adabu mpaka inakera. Alinivuta pembeni kidogo akaniambia, "Mzee wangu, naomba unisaidie. Kama ulikuwa unatania niambie tu, binti apande, yaishe."

Sasa zingatia mahali aliponisimamisha. Pembeni kidogo, lakini si pembeni ya kutosha. Bwana wa suti alikuwa palepale, sikio limesimama kama la sungura. Foleni nzima ilikuwa imetugeukia. Mpwa wangu, amekaa juu ya sanduku lake, akaninong'oneza, "Mjomba, sema basi." Neno hilo tu. Nami nikasema. Nikasema kwamba mimi si mtu wa utani, na kwamba hata binti akijifungua angani hapana neno, kwa sababu mimi nimewahi kumzalisha mama mmoja ndani ya lori huku nimeshika usukani, na mtoto yule leo ni askari.

Msimamizi akaniuliza kwa upole kama na mimi nasafiri. Nikamwambia hapana, nasindikiza tu, ila ningetoa maelekezo kwa simu.

Akashusha pumzi. Akasema katika hali hiyo shirika haliwezi kumpandisha mtu aliyeshikwa na uchungu asubuhi, kwamba tuende kwa daktari yeyote aandike barua kuwa anaweza kusafiri, na kwamba tiketi itahamishiwa Jumamosi inayofuata bila malipo yoyote. Yaani neno la daktari yeyote, hata aliyehitimu jana na bado anapotea njia ya kwenda wodini, lina uzito kuliko la mjomba aliyemjua mgonjwa tangu hajaota meno. Na hayo ya "bila malipo" niliyasikia. Yalisemwa kwa sauti, kana kwamba tumekuja kuomba.

Wakati huo bwana wa suti alipewa pasi yake akapita. Alinipungia mkono. Mpwa wangu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio, na dada wa kaunta akatoka nyuma ya meza yake kumletea maji. Nimeyaandika maji haya ili usiseme ninapendelea. Lakini maji ya nini, wakati kiti kipo na ndege ipo?

5. Simu. Siku ya pili nilipiga namba yenu ya huduma. Akapokea mama mmoja mwenye sauti tamu, akaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Nikamwambia hata kwangu ni muhimu, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo. Msikilizaji mzuri sana. Hakunikatiza hata mara moja, isipokuwa kila baada ya muda alirudia kwamba simu yangu ni muhimu, kisha wakapiga muziki, nami nikawa nasubiri muziki uishe ili niendelee. Nilifika mpaka kwenye ule mkanda wa lori. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akasikiliza kidogo, akasema, "Baba, hiyo ni mashine." Nikamwambia najua. Sikuwa nikijua. Na ninauliza: kama mna mashine inayosikiliza hivyo, kwa nini hamkuiweka kaunta? Ile haikuniamini hata kidogo.

Alipopatikana binadamu, akasema yale yale: barua ya daktari, Jumamosi, bila malipo.

6. Nyumbani. Hasara mliyonitia nyumbani ni kubwa kuliko ya uwanjani. Mpwa wangu, ambaye zamani alikuwa akikaa karakana anazoa vipande vya ngozi na kunicheka, sasa ananipa maneno mawili kwa siku. Asubuhi "shikamoo, mjomba," jioni "usiku mwema, mjomba." Katikati ni kimya. Anakaa chumbani anakunja vinguo vya mtoto, anavikunjua, anavikunja tena. Dada yangu naye alipiga simu, akaniachia maneno ambayo sitayaandika yote kwa sababu barua hii huenda ikasomwa na watoto. Aliyosema mwishoni ni haya: "Kaka, mdomo wako huo ungekuwa na mabawa, mwanangu angeshafika." Kisha akalia. Dada yangu halii ovyo. Mara ya mwisho alilia tulipomzika baba, na hata hapo alikuwa akilia huku anapanga viti vya wageni.

Sasa fikiria. Binti akipita kipimo chenu atajifungulia hapa, mama yake mbali, mume barabarani, na kwenye kitanda ataniona mimi mlangoni nikitoa maelekezo. Hilo ni kosa la nani? Nimelipima juu chini kama ninavyopima kiti, na kila nikipima linaangukia kwa dada wa kaunta. Kama asingeniamini, binti angekuwa kwa mama yake tangu juma lililopita, anakandwa miguu.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari kwa kina, nimeamua kama ifuatavyo. Nimepiga marufuku nyumbani kwangu mtu yeyote kwenda kwa daktari kutafuta hiyo barua. Si kwa ukaidi. Ni kwa msimamo. Tukienda kwa daktari tutakuwa tumekubali kwamba neno langu lilihitaji kusahihishwa. Badala yake nataka yafuatayo:

(a) Mje nyumbani kwangu leo, kabla ya ndege kuondoka, na gari la ofisi lenye kiti cha heshima, mniombe radhi kwa kuniamini. Radhi iwe ya maandishi, na iwe fupi, ili nami nipate nafasi ya kujibu.

(b) Dada wa kaunta ahamishwe mezani pa mizigo iliyopotea. Kule kila mtu husema sanduku lake lilikuwa na dhahabu. Atajifunza kupunguza mwenyewe.

(c) Iwekwe kaunta ya wasindikizaji, mbali na ya wasafiri, yenye mtu wa kutusikiliza mpaka ndege iondoke. Kazi hiyo mkinipa mimi sitakataa.

(d) Mkanda wangu urudishwe, au ufungwe kwenye ndege kwa majaribio. Rubani akiupenda tutazungumza.

Nyumba yangu haina namba, lakini uliza fundi wa viti, mtoto yeyote atakuonyesha. Mkija na radhi, binti atapanda. Msipokuja, hapandi, na historia itawaandika. Nimeanza kuandika hii tangu jua halijapanda na sitainuka mpaka niimalize, kwa hiyo msiseme sikuwapa muda. Niko sebuleni, mlango uko wazi.

Nisalimie marubani, na wale mabinti wanaoonyesha milango kwa mikono miwili, na wapishi wa kule juu, na mfagiaji aliyefagia miguuni mwangu mara mbili ili nihame. Yule mlinzi wa mashine msalimie pia, mwambie sindano ile ni ya urithi. Msimamizi wa tai mpe salamu nusu. Bwana wa suti, akirudi kwa ndege yenu, mwambie sijamsahau.

Ni mimi, wenu katika kupaa na kutua,

Fundi wa Viti,
Mjomba wa Abiria.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha nimeona nyumba imetulia mno. Nimeita chai, kimya. Chumba cha mpwa wangu kiko wazi, kitanda kimetandikwa, vile vinguo havipo na sanduku halipo. Wakati nashangaa, ndege yenu imepita juu ya bati, na mara tu baada yake mke wangu amepiga simu kutoka uwanjani.

Anasema barua ya daktari waliipata tangu Jumatano, wakati mimi niko karakana. Anasema yeye ndiye aliyenishauri juzi niwaandikie ninyi leo asubuhi, na niandike kwa kirefu bila kuacha kitu, ili wapate nafasi ya kutoka kwa mlango wa jikoni. Anasema dada yule yule wa kaunta aliwapokea, akaisoma barua, akaisoma kadi, akamwuliza binti miezi mingapi, binti akasema saba na kidogo, na yote yakaisha kabla mke wangu hajapata pa kukaa. Walimletea kiti cha magurudumu na kijana wa kumsukuma. Dada wa kaunta akauliza, "Mjomba hajaja leo?" Wakamwambia yuko nyumbani anaandika. Akasema msalimieni.

Kwa hiyo (a) msijisumbue, gari lenu likae. Hiyo (b) pia ifuteni, mwacheni dada palepale, na kama kuna cheo kilicho wazi mpeni. Hizo nyingine mtaamua wenyewe, nimechoka kidogo.

Nina swali moja tu, na mkono ulioshika kalamu naona hautaki kuliandika. Mpwa wangu alipokuwa anasukumwa kuelekea ndegeni, aligeuka kutazama nyuma? Mke wangu anasema hakuona, alikuwa analia. Mwulizeni dada wa kaunta, yeye anatazama watu vizuri. Kama aligeuka, nijulisheni. Kama hakugeuka, andikeni kwamba aligeuka. Nitapunguza mwenyewe.